Mwongozo kamili: Kuingiza mazingira katika mpango wa kupunguza umaskini, kutoka kijijini Kisumu hadi Hazina ya Kitaifa

Waraka wa kikundi unafika ofisi ya mipango ukiwa na kurasa sita. Ndani yake kuna umuhimu wa miti, hatari za mabadiliko ya tabianchi, Ibara ya 42 ya Katiba, na mwishoni: "Tunaiomba serikali ilinde mazingira yetu." Ofisa anaupiga muhuri na kuuweka kwenye faili. Mpango unapochapishwa, hakuna hata neno moja la kikundi hicho.

Wanakikundi husema wamepuuzwa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi tatizo ni dogo kuliko hilo: hawakumpa ofisa kitu cha kunakili. Mpango wa serikali, ukiondoa dibaji na picha ya gavana, ni majedwali. Kisichoingia kwenye mstari wa jedwali hakina bajeti, na kisicho na bajeti hakipo. Mwongozo huu unahusu kuandika mstari huo, kuupeleka mlango unaofaa, na kuufikisha kabla hesabu hazijafungwa.

Nimetumia mifano ya Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, hasa uwanda wa Kano na Nyakach. Aliye Nakuru, Busia au Kakamega atafuata hatua hizo hizo, kwa kuwa sheria ni moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, ambao kila mtu anauita CIDP. Wa sasa ni wa 2023–2027.
- Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, yaani ADP, wa mwaka huu na wa mwaka uliopita.
- Karatasi ya Mkakati wa Fedha ya Kaunti, CFSP, ya mwaka huu.
- Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti.
- Daftari la mistari, kalamu, kamba ya kupimia, na simu inayopiga picha na kuonyesha mahali ulipo kwenye ramani.
- Watu watano au sita watakaovumilia hadi mwisho: mzee anayekumbuka mto ulivyokuwa, mama anayelima bondeni, kijana anayejua kuandika vizuri, na angalau mtu mmoja anayepata riziki yake kutokana na uharibifu huo huo mnaoulalamikia. Huyo wa mwisho msimwache. Sababu yake iko Hatua ya 2.

Nyaraka za kaunti zinapaswa kuwa wazi kwa umma. Ukinyimwa, andika barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala.

## Hatua ya 1: Chagua tatizo moja, kisha ulitembelee lote

"Mazingira" si tatizo. Korongo linalokula mashamba chini ya miinuko ya Nyabondo, huko Nyakach, ni tatizo. Gugumaji linalofunga njia ya mashua ni tatizo. Taka zinazoziba mtaro Nyalenda hadi maji yaingie nyumbani ni tatizo. Chagua moja.

Likishachaguliwa, tembeeni kwa miguu kutoka linakoanzia hadi linakoishia. Mafuriko ya Mto Nyando yanaonekana Ahero, lakini maji na tope vinatoka milimani, upande wa Nandi na Kericho. Anayeandika kuhusu Ahero pekee ataomba kuta za kuzuia maji kila mwaka, na kila mwaka tope litajaza mto na kuta hazitatosha.

Mkiwa njiani, pigeni picha na mwandike mahali ilipopigwa. Pigilieni kigingi au chagueni mti mkubwa karibu na ukingo, mpime umbali wa kigingi hadi ukingo kwa kamba, kisha mwandike tarehe. Msimu wa mvua ukiisha, pimeni tena.

Mmefaulu ikiwa: mnaweza kueleza kwa sentensi mbili chanzo cha tatizo, linapopita na linapoishia, na mkawa na vipimo vya tarehe mbili tofauti.

## Hatua ya 2: Geuza uharibifu kuwa hasara ya kaya

Hapa ndipo nyaraka nyingi hufia. Mpango wa kupunguza umaskini haupimi uzuri wa mto. Unapima mapato, chakula, afya, muda na usalama wa watu. Kazi yenu ni kuonyesha uharibifu unapochukua vitu hivyo mikononi mwa nani.

Chora safu tano kwenye daftari: kaya, ukubwa wa shamba au aina ya kazi, kilichopotea, mwezi, na aliyethibitisha. Nenda nyumba kwa nyumba. Majina yabaki kwenye daftari lenu. Kwenye waraka peleka jumla tu. Watu hawatakuambia ukweli wa mavuno yao wakijua jina lao litasomwa barazani.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya kuonyesha hesabu tu. Korongo linagusa kaya 60. Kwa wastani kila kaya inapoteza magunia 4 ya mahindi kwa mwaka kwa sababu maji yanasomba mimea. Gunia tulipe bei ya shilingi 3,500. Hiyo ni 14,000 kwa kaya, na 840,000 kwa kaya zote. Tena kalavati limesombwa, kwa hiyo bodaboda inazunguka na kuongeza shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Watu 40 wakisafiri kila siku kwa siku 120 za mvua, hiyo ni 480,000. Jumla ni shilingi 1,320,000 kwa mwaka.

Kama kazi ya kutuliza korongo itagharimu milioni 3, na ikazuia hasara hiyo yote, gharama inarudi kwa miaka miwili na miezi mitatu hivi. Sasa ofisa wa mipango ana hoja ya kumpelekea mkubwa wake. Kabla ya hapo alikuwa na huruma tu.

Msiongeze chumvi. Ofisa wa kilimo wa wadi anajua ekari ya huko inatoa magunia mangapi. Akiona mmeandika mara mbili ya hayo, hatasoma ukurasa wa pili.

Baada ya jumla, gawanyeni: ni nani anapoteza zaidi? Mara nyingi ni aliyekodi shamba la bondeni kwa sababu ndilo la bei nafuu, au mjane aliyeachiwa kipande kilicho ukingoni. Wastani wa kijiji huwaficha hawa.

Kisha swali ambalo vikundi vya mazingira havipendi: ni nani ataumizwa na suluhisho letu? Ukifunga uchotaji mchanga mtoni, vijana wanaopakia malori wanakosa chakula siku hiyo hiyo. Ukizungushia kinamasi cha Dunga uzio, anayekata mafunjo ya kusukia mikeka anafukuzwa. Mradi unaohifadhi kinamasi kwa kuongeza maskini wapya haujaingiza mazingira katika vita dhidi ya umaskini. Umehamisha umaskini kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana mchota mchanga awe kwenye kikundi tangu mwanzo. Yeye ndiye atakayewaambia ni kazi gani mbadala inayolipa, na ni sehemu gani ya mto inayoweza kuchotwa bila ukingo kuanguka.

Mmefaulu ikiwa: mna ukurasa mmoja wenye jumla ya hasara, kundi linaloumia zaidi, na kundi litakaloguswa na suluhisho pamoja na mpango wa kulifidia au kulitafutia kazi.

## Hatua ya 3: Tafuta mlango unaofaa

Fungua Jedwali la Nne. Kaunti imepewa kilimo na uvuvi, uondoaji wa taka na madampo, mifereji ya maji ya mvua mijini, huduma za maji na usafi, na utekelezaji wa sera za kitaifa kuhusu uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Serikali ya kitaifa imebaki na ulinzi wa mazingira kwa jumla, ulinzi wa vyanzo vya maji, uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa. Kukabiliana na majanga kumetajwa pande zote mbili.

Maana yake kwa vitendo ni hii. Korongo la Nyakach ni uhifadhi wa udongo, basi nenda kaunti. Kuta kubwa za Mto Nyando ni uhandisi wa maji, basi mwakilishi wadi hana fungu hilo hata akikuahidi juu ya jukwaa. Mtaro wa Nyalenda ni wa kaunti. Mkitaka yote kwa waraka mmoja, kila ofisi itawaonyesha mlango wa jirani.

Tatizo linalovuka mpaka lina ugumu wake. Mpango wa Kisumu hauwezi kupanda hata mche mmoja kwenye mteremko wa Nandi. Hapo kuna njia mbili: jumuiya ya watumiaji wa maji ya mto husika, kupitia Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo hufuata bonde na si mpaka wa kaunti, na Jumuiya ya Kiuchumi ya Kaunti za Eneo la Ziwa, yenye kaunti 14, Kisumu, Nandi na Kericho zikiwemo. Njia ya kwanza ndiyo ninayoiamini zaidi kwa kikundi kidogo, kwa sababu mnakutana na wakulima wa juu ana kwa ana.

## Hatua ya 4: Fika kabla hesabu hazijafungwa

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Wananchi wengi huamka Mei, wakisikia bajeti redioni. Wakati huo mlango umebaki mwanya.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe hizi kwa kaunti:

- 30 Agosti: Hazina ya Kaunti inatoa mwongozo wa kuandaa bajeti.
- 1 Septemba: ADP inawasilishwa katika bunge la kaunti.
- 30 Septemba: Mapitio ya bajeti ya mwaka uliopita yanawasilishwa.
- 28 Februari: CFSP inawasilishwa. Hapa kila idara inapangiwa ukomo wa matumizi.
- 30 Aprili: Makadirio ya bajeti yanafika bungeni.
- 30 Juni: Bajeti inapaswa kuwa imepitishwa.

Tarehe mbili zinawahusu zaidi. Kabla ya Septemba, mradi wenu uwe umeingia kwenye ADP. Kabla ya mwisho wa Februari, pigania ukomo wa idara ya mazingira na maji, kwa sababu ukomo ukiwa mdogo, Aprili mtabaki kunyang'anyana na wadi nyingine vijisenti vilevile. Kwa maoni yangu, kikundi chenye nguvu za safari moja tu kwa mwaka kiende mwezi wa Julai, kwa ofisa wa mipango anayeandaa ADP.

Tahadhari: 2027 ni mwaka wa uchaguzi, na ndio mwaka wa mwisho wa CIDP ya sasa. Maandalizi ya inayofuata hukutana na viongozi wapya wenye manifesto zao. Daftari lenu liwe tayari kabla ya kampeni.

## Hatua ya 5: Andika mstari wenyewe

Fungueni ADP kwenye jedwali la miradi. Mtakuta safu hizi, au zinazofanana nazo: jina la mradi na mahali, shughuli, uchumi wa kijani, makadirio ya gharama, chanzo cha fedha, muda, kiashiria, lengo, hali ya mradi, na idara itakayotekeleza.

Tazameni ile safu ya uchumi wa kijani. Imewekwa hapo ili mazingira yafikiriwe katika kila mradi, hata wa barabara au zahanati. Someni ilivyojazwa. Mara nyingi mtakuta barabara ya marram na mbele yake "miti itapandwa", soko na mbele yake "taa za sola", zahanati na mbele yake tena "miti itapandwa". Itapandwa wapi? Itamwagiliwa na nani? Haina gharama kwenye safu inayofuata, kwa hiyo jibu ni hakuna.

Hapa kuna nafasi ambayo watu wachache huitumia. Mbali na mradi wenu mpya, chagueni barabara moja ambayo tayari iko kwenye mpango na inapita kwenye eneo lenu. Pendekezeni maneno ya kuweka kwenye safu hiyo: "mifereji ya pembeni imwage maji kwenye mabwawa madogo ya kuvuna maji, si kwenye mashamba; midomo ya kalavati iwekwe mawe", na gharama yake iongezwe. Makorongo mengi huanzia kwenye mdomo wa kalavati uliomwaga maji ovyo. Kurekebisha mradi wenye fedha ni rahisi kuliko kuzaa mpya.

Kwa mradi wenu, andikeni mstari kamili:

- Mradi na mahali: Kutuliza korongo, kijiji fulani, wadi fulani. Tajeni kutoka wapi hadi wapi.
- Programu: Jina lilelile lililo kwenye CIDP, kwa mfano ya uhifadhi wa udongo na maji, pamoja na nambari ya ukurasa. Sehemu ya 104 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango, kwa hiyo mradi usio na mzazi kwenye CIDP utaanguka.
- Shughuli: Vizuizi vya mawe na gabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe), makingamaji kwenye mashamba ya juu, nyasi za nepia na vetiva ukingoni, ujira wa kazi ya mikono kwa wakazi.
- Gharama: Ombeni ofisa wa kilimo au wa ujenzi wa kaunti ndogo awakadirie. Wekeni pia matunzo ya miaka miwili. Gabioni isiyokaguliwa baada ya mvua ya kwanza hupasuka na kuacha korongo kubwa kuliko la awali.
- Kiashiria: Hapa pana ubishi. Idara hupenda "miche 10,000 imepandwa" kwa sababu ni rahisi kuhesabu siku ya sherehe. Ninyi andikeni "idadi ya miche iliyo hai baada ya miezi 24", "mita za ukingo zilizotulia", na "kaya zilizoacha kupoteza mazao, zikiwemo zinazoongozwa na wanawake". Angalau kimoja kiwe cha umaskini, la sivyo mradi unarudi kuwa wa miti.
- Idara: Moja inayoongoza, na inayosaidia.

Miche yenyewe iangaliwe. Mikaratusi kwenye ukingo wa mto au chemchemi hunywa maji mengi. Ikataeni hata ikitolewa bure.

Lugha? Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7, andikeni barua bila hofu. Jedwali pekee liwekwe katika lugha ya mpango wenyewe, ili ofisa alinakili neno kwa neno.

Mmefaulu ikiwa: mtu asiyewajua anaweza kuchukua ukurasa wenu na kuubandika kwenye ADP bila kuwapigia simu.

## Hatua ya 6: Pitisheni mezani, si barazani pekee

Mkutano wa ushiriki wa umma ni wa lazima, lakini hauamui peke yake. Watu mia wanaongea kwa saa mbili, na nusu ya muda inakwenda kwa maombi na salamu. Nendeni na nakala tano za ukurasa wenu: msimamizi wa wadi, mwakilishi wadi, ofisa wa mipango, ofisa wa mazingira, na karani anayeandika kumbukumbu. Aseme mtu mmoja, dakika mbili, aanze na hasara ya kaya. Kisha ombeni jina la mradi lisomwe kwenye kumbukumbu kabla mkutano haujafungwa.

Msisahau kamati ya wadi ya mipango ya tabianchi. Mahali ilipo, huchagua miradi inayoweza kupata fedha za FLLoCA, mpango wa Hazina ya Kitaifa na kaunti wa kugharamia hatua za tabianchi mashinani. Ukurasa ule ule unafaa huko.

Juu zaidi kuna Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, chini ya sehemu ya 137 ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, lenye wawakilishi wa wanawake, wafanyabiashara, wafanyakazi, walemavu, wazee na dini. Mtafuteni mjumbe mmoja mnayemfahamu kabla ya Februari.

## Hatua ya 7: Kupandisha hadi ngazi ya taifa

Kwa jambo la kitaifa, kama kuta za Nyando au gugumaji la ziwa, njia ni ndefu kidogo lakini inafanana. Mpango wa Muda wa Kati wa sasa ni wa 2023–2027, chini ya Ruwaza ya 2030. Bajeti ya kitaifa hupangwa kwa sekta, na mojawapo ni ya mazingira, maji na maliasili. Ripoti za sekta huwekwa wazi kwa umma na mikutano ya maoni hufanyika kabla ya Taarifa ya Sera ya Bajeti, ambayo lazima ifike Bungeni kufikia tarehe 15 Februari.

Tumeni maoni kwa maandishi, na nakala kwa mbunge na seneta. Hapa hasara ya kijiji kimoja ni ndogo mno. Unganeni na vijiji vya bonde zima, jumlisheni madaftari, na msipeleke barua kumi zinazofanana.

Kuna silaha moja inayosahaulika: sehemu ya 57A ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyoongezwa 2015, inataka sera, mipango na programu zifanyiwe tathmini ya kimkakati ya mazingira. Mnapoona mpango mkubwa wa umwagiliaji au viwanda, ulizeni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, kama tathmini hiyo imefanywa na mnaweza kuisoma wapi.

## Hatua ya 8: Fuatilieni fedha hadi zitoke

Mradi kuingia kwenye bajeti si mwisho. Idara ya mazingira huwa ya kwanza kukatwa, kwa kuwa korongo halipigi kelele kama barabara iliyokwama. Mkato huo hufanyika kimya kwenye bajeti ya ziada, katikati ya mwaka. Muulizeni karani wa bunge la kaunti itawasilishwa lini, mtafute mstari wenu, na mlinganishe kiasi.

Someni pia ripoti za robo mwaka za Mdhibiti wa Bajeti. Zinaonyesha kila idara ilipata kiasi gani na ikatumia kiasi gani. Mkiambiwa "fedha hazijatoka Nairobi", angalieni kama idara nyingine za kaunti hiyo hiyo zilipata zao katika robo hiyo. Zikiwa zimepata, swali lenu linabadilika: nani aliamua yenu isubiri?

Ulizeni kwanza kwa barua. Ikipita siku 21 bila jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mradi ukiwa umeondolewa bila maelezo, sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Ambatisheni ukurasa wa ADP wenye mstari wenu, ukurasa wa bajeti ulipokatwa, na vipimo vya ukingo vya tarehe zote mbili.